Panasonic HG-C1050: Kihisi Kidogo cha Leza Katika Kazi ya Kupima Unene wa Plaiwudi

Vihisi vya leza vya kupima umbali hununuliwa kwa haraka mno. Mnunuzi hutazama umbali wa juu ambao kifaa kinaweza kuusoma, hutazama bei, kisha huagiza, na maswali yanayostahili kuulizwa kabla ya kununua huanza kuulizwa mashine ikiwa imekwisha kufungwa. HG-C1050 ya Panasonic nimeifanyia kazi katika kiwanda cha plaiwudi wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ambako mbao hukaguliwa unene zinapotoka kwenye mashine ya msasa, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime pamoja na hoja zinazofuata: hiki ni kifaa bora kwa bei yake, ila ubora huo haujitokezi wenyewe. Hutegemea namna ubao unavyopita mbele ya kihisi, na joto la mahali kilipofungwa, kuliko unavyotegemea jambo lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Kifaa hiki hufanya kazi kwa kanuni ya pembetatu. Daiodi ya leza hutupa nukta ya nuru nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 655, juu ya kitu kinachopimwa. Sehemu ya nuru hiyo hurudi kwa mshazari, hupita kwenye lenzi ya kupokelea na kuangukia safu ya seli za CMOS, yaani seli ndogo za kielektroniki zinazohisi nuru. Kitu kikisogea mbele au nyuma, pembe ya nuru inayorudi hubadilika, na doa la nuru huhama juu ya safu ile. Kwa hiyo kihisi hakipimi umbali moja kwa moja. Kinapima mahali doa lilipoangukia, kisha kinakokotoa umbali kutokana na hapo. Fundi akilishika jambo hili, karibu tabia zote za kifaa zitamwelea: kwa nini kinasoma ndani ya dirisha finyu tu la umbali, kwa nini rangi na ukali wa uso wa kitu vinakisumbua, na kwa nini mwelekeo wa kukifunga si suala la nafasi iliyopatikana kwenye mashine.

Familia ya HG-C1000 ina ndugu watano. HG-C1030 hupima kuzunguka milimita 30, kwa tofauti ya milimita 5 kila upande, na hurudia kipimo kilekile kwa usahihi wa milimita 0.01. HG-C1050 huzunguka milimita 50 kwa tofauti ya 15, na usahihi wake wa kurudia ni milimita 0.03. HG-C1100 huzunguka milimita 100 kwa tofauti ya 35, na usahihi wake ni 0.07, HG-C1200 huzunguka milimita 200 kwa tofauti ya 80, na usahihi hushuka hadi 0.2. HG-C1400 ndicho kirefu kuliko vyote, kikifika milimita 600, na usahihi wake huzidi kupungua kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Maumbo yao yote ni mamoja: ganda la alumini lenye urefu wa milimita 44, kina cha 25 na upana wa 20, uzito wa gramu 35 hivi bila waya, na matundu mawili ya skrubu za M3. Udogo huo umewezekana kwa sababu watengenezaji waliweka kioo ndani kinachokunja njia ya nuru, na katika mashine ya zamani ambayo haikubuniwa kubeba kihisi chochote, udogo huo una thamani kubwa.

Mfululizo huo wa takwimu ndio unaopaswa kuamua ununuzi. Mara nyingi nimeona fundi akichagua masafa marefu kwa kuamini kwamba nafasi ya ziada haimgharimu kitu, ilhali kila hatua ya kurefusha masafa humnyang'anya usahihi. Kwetu mjadala ulikuwa kati ya HG-C1050 na HG-C1100. Plaiwudi ya milimita 18 haitoki ikiwa imenyooka kabisa. Hupinda, na ncha yake ya mbele huweza kupanda au kushuka kwa kiasi kinachozidi milimita 15. Kwa HG-C1100 ubao kama huo ungeweza kupita bila kutoka nje ya dirisha la kusomea. Tulichagua HG-C1050, tukaongeza jozi ya rola kabla ya vihisi na jozi nyingine baada yake ili kuukandamiza ubao, na hadi leo naamini huo ndio uamuzi sahihi, kwa kuwa rola ni kitu cha bei ndogo kinachotengenezwa karakana yoyote, ilhali usahihi uliokosekana ndani ya kihisi hakuna karakana itakayoutengeneza.

Kupima unene kunahitaji vihisi viwili, kimoja juu na kimoja chini, vikitazamana. Umbali kati yao unajulikana. Ukiondoa kipimo cha juu na kipimo cha chini, kinachobaki ni unene wa ubao. Hesabu ni nyepesi, lakini inabeba masharti. Nukta mbili za nuru lazima ziangukie mhimili mmoja. Zikipishana kwa milimita moja tu na ubao ukiwa umeinama kwa nyuzi 5, kosa linalozaliwa ni karibu milimita 0.09, na mwinamo peke yake, hata nukta zikiwa zimelingana vizuri, huongeza karibu milimita 0.07 kwenye ubao wa milimita 18, kwa kuwa nuru inaukata ubao kwa mshazari. Kosa la nasibu la vihisi viwili, yaani ule mtawanyiko wa milimita 0.03 kwa kila kimoja, halijumlishwi moja kwa moja bali kwa kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo vyao vya pili, na hutoa takriban 0.04. Maana yake ni kwamba mpangilio mbaya wa breketi unaweza kuharibu kipimo karibu mara mbili ya mtawanyiko huo wa vihisi vyenyewe. Sisi tulizilinganisha nukta kwa kuweka karatasi nyembamba nyeupe katikati, kwenye usawa wa ubao, na kuzisogeza breketi hadi nukta ya chini, iliyoonekana kupitia karatasi, ikafunikwa na ile ya juu. Ni njia ya mikono, lakini nukta ya HG-C1050 ina kipenyo cha takriban milimita 0.07, na jicho la mtu makini hulitambua kosa dogo sana katika mpangilio huo. Wakati wa kazi hiyo jicho hutazama karatasi tu, wala halisogezwi kwenye mstari wa nuru.

Vipimo viwili vinapaswa pia kuchukuliwa kwa wakati mmoja. Ubao unaotetemeka juu na chini haubadilishi unene wake, kwa sababu kinachopungua juu huongezeka chini, lakini hilo ni kweli tu ikiwa vihisi vyote viwili vimesoma mtetemo uleule. Kifaa kinaruhusu kuchagua muda wa kujibu kati ya milisekunde 1.5, 5 na 10. Laini ikiwa inatembea mita 30 kwa dakika, ubao husogea milimita 5 ndani ya milisekunde 10. Kwa uso uliopigwa msasa sioni hasara katika muda mrefu huo, kwa sababu hulainisha kelele. Sharti ni vihisi vyote viwili viwekewe muda ule ule.

Sasa uso wa mbao wenyewe. Mbao zetu ni za misindano na mikaratusi, nyingi zikiwa na asili ya misitu ya Sao Hill, na uso wake haufanani kutoka sentimita moja hadi nyingine. Msindano ni mweupe na unarudisha nuru kwa wingi. Fundo lake ni jeusi na limeshiba utomvu. Vihisi vya aina hii hujirekebisha vyenyewe kulingana na wingi wa nuru inayorudi, lakini ukitazama namba kwenye skrini yake ndogo wakati ubao unapitishwa polepole kwa mkono, utaiona ikituama, kisha ikiruka kidogo pale nukta inapogusa ukingo wa fundo, ikituama tena ndani ya fundo, na kuruka mara nyingine inapotoka. Ubao haukubadilika unene. Kilichotokea ni kwamba nusu ya nukta ilikuwa juu ya weupe na nusu juu ya weusi, na katikati ya doa kwenye safu ya CMOS pakavutwa kuelekea upande wenye nuru nyingi.

Dawa ya jambo hilo ni mwelekeo wa kufunga. Mstari unaounganisha dirisha la kutolea nuru na dirisha la kupokelea unapaswa kukaa kwa upana wa laini, yaani kukingama na mwendo wa ubao, na usiufuate mwendo huo. Hapo mpaka wa rangi unaokuja na ubao hulivuta doa kwa upande usiohusika na hesabu ya umbali. Mafundi wengi hukifunga kwa mwelekeo wowote ulio rahisi kwa breketi, kisha hulalamikia kifaa. Katika mstari wetu, tofauti ya mielekeo hiyo miwili ilionekana wazi kwenye grafu ya PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, na sikuona kichujio chochote cha programu kilichoweza kufanya kazi ambayo kugeuza breketi kulifanya.

Kuna jambo lingine ambalo wakaguzi wa ubora huliuliza: kwa nini kalipa, kile kifaa cha mkono cha kupimia unene, na leza havikubaliani. Kalipa ina taya pana zinazokaa juu ya vilele vya nyuzi za mbao na kuzibana kidogo. Nukta ya leza ni ndogo kiasi cha kuingia ndani ya vinyweleo vya mkaratusi na kupima sakafu yake. Kwa hiyo usomaji mmoja wa leza huweza kuonyesha ubao mwembamba kuliko kalipa, na usomaji unaofuata ukaonyesha tofauti, na vyote viwili vikawa vya kweli. Anayetaka namba inayolingana na kalipa achukue wastani wa usomaji mwingi katika urefu wa sentimita kadhaa, na atupe milimita za mwanzo na za mwisho za kila ubao, ambako makali yaliyochanika hutoa namba zisizo na maana.

Joto ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Karatasi ya vipimo ya familia hii inataja mabadiliko ya asilimia 0.03 ya masafa yote kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa HG-C1050, ambayo masafa yake yote ni milimita 30, hiyo ni milimita 0.009 kwa nyuzi moja, namba inayoonekana kuwa si kitu. Lakini Mufindi ni nyanda za juu. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na alasiri, karibu na mashine ya kukandamizia kwa joto, hewa huwa kama ya tanuri. Joto likibadilika kwa nyuzi 20, kihisi kimoja kinaweza kuhama kwa milimita 0.18, na viwili vikikosea kwa namna moja, vyote vikizidisha umbali au vyote vikiupunguza, kosa la unene hukaribia milimita 0.36. Hapo ule usahihi wa milimita 0.03 uliolipiwa umekwisha kumezwa zaidi ya mara kumi. Fremu inayobeba vihisi nayo hutanuka: nafasi ya milimita 118 kati ya vihisi viwili, ikibebwa na chuma, huongezeka kwa karibu milimita 0.03 katika nyuzi 20 zilezile, na ikibebwa na alumini huongezeka karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana napendelea fremu ya chuma kizito, ingawa alumini ni rahisi kukata na kutoboa.

Suluhisho lililotufaa ni kipande cha chuma kilichosagwa na kupimwa, chenye unene unaojulikana, ambacho huingizwa kati ya vihisi kabla ya kila zamu na tena joto linapobadilika sana. Kifaa kina waya wa kuingizia ishara kutoka nje, na moja ya kazi zake ni kuweka sifuri. PLC ikiutumia waya huo, mwendeshaji hahitaji kugusa vitufe vidogo vilivyo juu ya kihisi kwa mikono yenye gundi. Vihisi huachwa viwake kwa muda kabla ya kuwekewa sifuri, kwa sababu daiodi yenyewe hupata joto inapoanza. Mtu anayenunua kihisi hiki bila kutenga fedha za kipande cha kipimo amenunua nusu ya kifaa.

Kuhusu vumbi, kiwango cha IP67, yaani kinga dhidi ya vumbi na maji, ni cha kweli na hulinda yaliyomo ndani, lakini hakilindi uso wa kioo cha mbele, ambako unga wa mbao hukaa. Kihisi cha chini huathirika zaidi kwa sababu kinatazama juu. Mdomo mdogo wa hewa kavu ya kompresa, ukipuliza kwa mshazari, hutosha, ilimradi hewa hiyo isiwe na mafuta. Mwanga wa jua nao haupaswi kusahauliwa: kikomo kilichotajwa kwa mwanga wa balbu ya nyuzi ni lx (luksi) 3,000 kwenye uso wa kupokelea, na jua la adhuhuri huweza kufikia lx 100,000. Paa lenye mabati angavu juu ya laini linahitaji kizuizi, hata kiwe kipande cha bati tu.

Upande wa umeme ndipo nilipo na malalamiko. Waya wa mita 2 umeunganishwa moja kwa moja na kihisi, hakuna kiunganishi cha M12, yaani plagi ya kufungwa na kufunguliwa, kwenye ganda, hivyo waya ukikatika kihisi kizima hutolewa. Kwa kiwanda chenye forklifti na mikono mingi, hilo ni pungufu la kweli. Ishara ya analogi ni volti 0 hadi 5, au miliampia 4 hadi 20 kwa anayechagua hiyo. Kadi ya PLC ya biti 12 yenye masafa ya volti 0 hadi 10 hugawanya volti hizo 10 katika hatua 4,096, na kwa kuwa kihisi kinatumia nusu tu ya masafa hayo, kila hatua ni takriban milimita 0.015. Inatosha, lakini bila akiba kubwa. Kadi ya biti 16 ni bora zaidi. Miliampia ninazipendelea katika kiwanda chenye inveta nyingi za mota, kwa kuwa haziyumbishwi kirahisi na kelele za umeme, na waya ukikatika PLC husoma sifuri, jambo ambalo volti haziwezi kulitofautisha na ncha halali ya masafa.

Angalizo moja la mpangilio wa ndani linastahili kusisitizwa. Kihisi kikipoteza kitu kinachopimwa, kinaweza kutoa volti 5.2 kama ishara ya hitilafu, au, kikiwa kimewekwa katika hali ya kushikilia, kikaendelea kutoa kipimo cha mwisho. Hali hiyo ya kushikilia inavutia kwa sababu grafu inabaki tulivu, lakini katika ukaguzi wa ubora ni hatari, maana kioo kilichozibwa na vumbi kitaendelea kuripoti ubao mzuri ambao haupo. Sisi tumeizima, na PLC huhesabu chochote kinachozidi volti 5.1 kuwa kosa la kusimamisha upangaji wa mbao.

Kwa kulinganisha, Keyence IL-100 husoma kati ya milimita 75 na 130 na hurudia kipimo kwa maikromita 4, ubora ambao HG-C1050 haukaribii. Lakini kichwa chake huhitaji kikuza ishara kinachokaa pembeni ndani ya paneli, na gharama ya jumla hupanda. Kwa kupima vyuma vilivyosagwa ningeichukua bila kusita. Kwa mbao, ambayo uso wake wenyewe una mabonde yanayozidi maikromita hizo mara nyingi, usahihi huo hauna pa kutumika. Kwa vinia mbichi, yaani tabaka jembamba la mbao linalogundishwa kutengeneza plaiwudi, iliyojaa maji, nuru nyekundu hupenya kidogo ndani ya mbao kabla ya kurudi, na hapo vihisi vya nuru ya buluu ya nanomita 405, kama vile vya Micro-Epsilon, vina hoja nzito zaidi.

Wapo wanaouliza kama kihisi hiki kinaweza kupima urefu wa rundo la mbao au kiasi cha vipande vya mbao ndani ya silo. Hakiwezi. Kazi hiyo ni ya vihisi vinavyopima muda wa safari ya nuru, kama O1D100 ya ifm, inayosoma kutoka mita 0.2 hadi 10. Nuru husafiri kwenda na kurudi milimita moja kwa pikosekunde 6.7 tu, na ndiyo sababu vifaa hivyo huhesabu usahihi wake kwa milimita nzima, jambo lisilo na tatizo lolote kwa rundo la mita mbili.

Katika kuagiza, herufi moja ina uzito. HG-C1050 pekee ni ya NPN, yaani swichi yake ya kutoa ishara huunganisha upande wa hasi. HG-C1050-P ni ya PNP, inayounganisha upande wa chanya, ambayo ndiyo inayohitajika na kadi nyingi za PLC zenye asili ya Ulaya. Msambazaji mmoja alituletea NPN kinyume cha maandishi ya oda na akashikilia kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile, na oda inapaswa kuandikwa kwa namba kamili na kuthibitishwa kabla ya malipo. Leza yake ni ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1, ambayo kope hujikinga nayo kwa kufumba, lakini hilo si ruhusa ya kuitazama, na kihisi chenyewe hakikutengenezwa kuwa kifaa cha usalama: kisitumike kamwe kuzuia mkono wa mtu usiingie kwenye mashine. Kwa anayejenga paneli mpya yenye IO-Link, yaani njia ya mawasiliano ya kidijitali kati ya vihisi na PLC, mfululizo wa HG-C1000L hupeleka kipimo kwa namba za dijitali na kuondoa kabisa suala la volti, biti na kelele, nami ningeanza na huo.